Kabla Hatujabomoa Kanisa la Zamani



Nianze kwa kuungama. Nilipokuwa kidato cha tatu nilishiriki kubomoa kanisa la parokia yetu ya nyumbani. Hakuna aliyetulazimisha. Paroko alitangaza baada ya komunyo kwamba vijana wafike Jumamosi na nyundo, sururu na mitaimbo, nasi VIWAWA tulifika kabla ya jua kuchomoza. Tuliimba, WAWATA wakatunywesha uji, na ilipofika saa saba mchana ukuta wa upande wa sakristia ulikuwa chini. Nakumbuka vumbi, na nakumbuka furaha. Kanisa jipya lilikuwa limekwisha kufika kwenye lenta hatua chache kutoka pale, kubwa mara tatu ya lile, na michoro ilionyesha madirisha ya aluminiamu. La zamani lilikuwa dogo, lilikuwa na nyufa, na popo walijaa darini. Nani angelililia?

Hata bibi yangu hakulia. Alikuja jioni, akaegemea fimbo yake, akalitazama rundo. Akauliza yale mawe ya ukuta wa chini yatapelekwa wapi. Fundi mmoja akamjibu kwa heshima, "Bibi, haya tunajengea shimo la choo cha parokia. Ni mawe mazuri, magumu." Bibi akacheka. Akasema, "Basi sawa. Na langu limo humo."

Sikumwelewa hadi likizo iliyopita, nikiwa tayari frateri wa mwaka wa pili wa falsafa. Bibi, ambaye zamani aliniita "mume wangu" na siku hizi ananiita Frateri hata tukiwa sisi wawili tu na mbuzi, alinisimulia. Katika miaka ya hamsini, wakati wa kujenga kanisa lile, kila mkatekumeni alitakiwa kubeba jiwe kutoka mtoni siku ya mafundisho. Asiye na jiwe hakuingia darasani. Yeye alikuwa mdogo wa mwili, akachagua jiwe dogo, katekista akamrudisha mtoni. Akarudi na jiwe lililomzidi nguvu, analiviringisha zaidi ya kulibeba, akafika mafundisho yameisha. Jiwe hilo lilikuwa na mstari mweupe katikati. Mafundi walipolijenga aliliona liliposimama: chini ya dirisha la pili, upande wa wanawake. Tangu hapo alikaa karibu nalo kila Jumapili. "Nilikuwa naligusa kabla ya kutoka," alisema. Kuolewa aliolewa mbele yake, wanawe saba walibatizwa hatua chache kutoka hapo, na majeneza mawili kati ya hao saba yalipita pembeni yake.

Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mimi mwenyewe, mjukuu wake, huenda ndiye niliyeling'oa.

Siandiki haya ili kumlaumu paroko yule, aliyefanya kazi kubwa, wala kamati ya ujenzi. Kanisa jipya tulilihitaji. Watu walikuwa wanasali wamesimama nje kwenye mvua. Linaloniuma ni jambo dogo zaidi. Baba yangu mdogo alikuwemo kwenye kamati, na anasema vikao vitatu vizima vilitumika kujadili rangi ya bati. Kuhusu kanisa la zamani kulikuwa na sentensi moja: "Lile tutaliondoa ili kupata uwanja." Hakuna aliyepinga, wala hakuna aliyeshangaa. Tulilibomoa bila hata kuona kwamba kulikuwa na jambo la kuamua.

Ofisi ya parokia ilikuwa imeungana na sakristia, nayo ikaondoka. Vitabu vya ubatizo vya tangu mwanzo wa misheni vilitiwa kwenye mifuko mitupu ya saruji, vikawekwa stoo, kwa muda. Wasomaji wa kwetu wanajua neno "kwa muda" lina urefu gani. Mchwa hawakuwa na haraka. Leo akija mzee anayehitaji cheti cha ubatizo ili apate cheti cha kuzaliwa, au mjukuu anayetaka kufunga ndoa katika jimbo la mbali na hajui mama yake alibatizwa lini, katibu wa parokia anaandika barua ya kuomba mashahidi. Ubatizo wa bibi yangu unathibitishwa na watu wawili, na mmoja wao tumemzika mwaka jana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe na vitabu hivyo na mahali pa kuvihifadhia, na inaagiza kwa uwazi kwamba vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Hakuna aliyekusudia kuivunja. Chumba kilipoondoka, vitabu vilikosa pa kukaa, basi.

Mwaka jana tulikwenda hija Bagamoyo, mafrateri kumi na wanane ndani ya Kosta moja. Naomba nikae hapo kidogo, maana ndipo nilipoanza kufikiri juu ya jambo hili badala ya kulihuzunikia tu.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo wakitokea Zanzibar mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Mji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Huko zilifika pembe za ndovu zikibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliokuja kwa ujira, na walifika pia watumwa, waliovushwa kwenda Zanzibar. Mwaka 1872 tufani kubwa iliikumba Zanzibar na pwani hiyo, ikavunja sehemu kubwa ya kile ambacho misheni ilikuwa imejenga, wakaanza upya. Ukifika leo unaona mnara wa kanisa la kwanza, kanisa kubwa lililokamilika mwaka 1914, nyumba ya masista ambayo sasa ni makumbusho, makaburi ya wamisionari, na mbuyu. Kwenye makaburi nilisimama mbele ya jina la mtu aliyekufa akiwa na umri karibu na wangu. Wengi walikufa vijana, kwa homa. Hilo lilinifunga mdomo kwa muda, na wanaonijua wanajua si jambo la kila siku.

Lakini ninalotaka kusimulia ni la mbuyu. Katika shina lake kuna kipande cha mnyororo, kimemezwa na mti, kimebaki kidogo nje. Mwenzetu mmoja akapiga picha, akaituma kwa ndugu zake hapo hapo akiandika kwamba huu ndio mnyororo waliofungiwa watumwa. Sote tuliamini vivyo hivyo. Mahali ni Bagamoyo, mnyororo ni mnyororo, ungefikiri nini? Aliyetuongoza akatabasamu, nadhani amezoea. Akatueleza kwamba kwa masimulizi ya misheni yenyewe, mnyororo ule uliwekwa mwishoni mwa karne ya 19 na mama mmoja Mfaransa aliyehudumu kwenye zahanati, ili kumfunga punda wake. Ulisahauliwa hapo, mti ukanenepa juu yake.

Tulicheka, na aliyetuma picha akaifuta. Usiku nikawa nawaza. Kama mbuyu ule ungekatwa, hadithi ya mnyororo wa watumwa isingekufa. Ingeendelea kusimuliwa na kukua, na pasingekuwapo mahali pa kwenda kuisahihisha. Mtu angesema "palikuwa na mnyororo," na mwingine angeitikia, "ndiyo, nilisikia." Mti ukiwapo mtu anaweza kuuliza: mbona mnyororo wenyewe mwembamba hivi? Mbona uko hapa, ndani ya misheni, na si kwenye boma la mfanyabiashara? Mahali pa kale panaturuhusu kubishana kwa haki. Mimi nasoma falsafa, naruhusiwa kupenda ubishi. Lakini naamini jamii nzima inauhitaji.

Tazama jina lenyewe la mji. Wapo wasemao Bagamoyo ni kilio cha mtumwa, kwamba hapa aliubwaga moyo wake kwa kukata tamaa kabla ya kuvushwa bahari. Wapo wasemao ni pumzi ya mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi ya safari, hapa atulize moyo. Wazee hawajamaliza mjadala huo, na sioni sababu ya kuuharakisha. Ni kwa kuwa njia, ufuko, magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13, na majengo ya misheni bado vipo ndiyo maana mjadala una nyama.

Au tazama mnara. Tunauita mnara wa Livingstone. Mwili wa David Livingstone uliletwa hapo tarehe 24 Februari 1874, ukalazwa humo kabla ya kuvushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa Westminster Abbey, London. Alikuwa amefariki tangu Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Waliomkausha, wakamfunga kwa magome ya mti na kumbeba zaidi ya kilomita 1,500 kwa miezi karibu tisa ni Abdullah Susi, James Chuma na wenzao. Yeye alilala humo akiwa maiti, kwa muda mfupi, wao walitembea. Mnara una jina la nani? Sisemi tubadilishe jina kesho. Nasema kwamba nisingeuliza swali hili kama nisingesimama chini ya mnara ule, nikiwa na kiu, nikijaribu kufikiria kubeba mzigo wa namna hiyo kwenye jua lile.

Najua pingamizi la kwanza, maana nimelisikia bwenini: majengo haya ni ya wageni, ya wakoloni na wamisionari, kwa nini tutoe jasho kutunza kumbukumbu zao? Jibu la haraka ni kwamba mawe hayakubebwa na wageni. Bibi yangu si mgeni. Huko Bagamoyo pia waliochota mchanga, waliochoma chokaa na kupanda minazi ni watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao watoto.

Ila kuna jibu la pili, gumu zaidi, ambalo magazeti yetu ya Kanisa hulipita haraka. Watoto wale walinunuliwa na misheni ili wawe huru, lakini maisha yao ndani ya misheni yalikuwa ya kengele, ya shamba na ya utii, na si kila aliyekombolewa alijiona amekombolewa. Baadhi walitoroka. Padre Paul Kollman, mwanahistoria, aliandika kitabu kizima juu ya hili mwaka 2005, akitumia nyaraka za wamisionari wenyewe. Mimi nawapenda wamisionari wale; bila wao huenda leo nisingekuwa naandika hapa. Lakini ukipenda kweli huogopi kusikia yote. Kijiji kile cha Wakristo walioachwa huru kinawasifu wamisionari na kuwahoji kwa wakati mmoja. Tukikifuta tutabaki na sifa tupu katika vitabu vya jubilei, na adui zetu watabaki na lawama tupu. Hakuna upande utakaokuwa na kitu cha kugusa.

Mfano mkubwa na wa kutisha zaidi uko kwa jirani zetu. Huko Nyamata, kusini ya Kigali, lipo jengo lililokuwa kanisa la Kikatoliki. Mwezi Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia humo wakiamini hakuna atakayethubutu kuua mbele ya altare. Waliuawa humo humo. Jengo halikurudishwa kuwa kanisa la misa wala halikubomolewa. Limeachwa kuwa kumbukumbu, nguo za waliouawa zikiwa juu ya mabenchi, na mwaka 2023 UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na kumbukumbu nyingine tatu za mauaji hayo. Ingekuwa rahisi kwa kila mtu, na hasa kwetu sisi Wakatoliki, kama lingepakwa rangi mpya au kusawazishwa na tingatinga. Waliobaki hai walihitaji lisimame. Seminari yoyote inayoandaa mapadre katika ukanda wetu ingepaswa kuwa na saa moja ya darasa juu ya jengo lile.

Sasa pingamizi la pili, ambalo ni la kiroho na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Bwana alimwambia mwanamke Msamaria kwamba saa inakuja ambapo kuabudu hakutafungwa na mlima huu wala na Yerusalemu. Yeremia aliwakemea walioshika hekalu mdomoni huku wakiwadhulumu wajane. Mt. Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, aliandika barua akiwaonya waliodhani kwamba kwenda Yerusalemu kunamleta Mungu karibu zaidi; kubadili mahali, alisema kwa maana hiyo, si kumkaribia Mungu. Karibu na miaka hiyo hiyo mwanamke aitwaye Egeria alikuwa anatembea Nchi Takatifu yote, akiandika kila alichokiona, na maandishi yake ndiyo yanayotufundisha leo jinsi Wakristo wa Yerusalemu walivyoadhimisha Juma Kuu. Mabishano haya ni ya zamani, na Kanisa limewabeba wote wawili. Mimi namkubali Gregori kabisa. Mungu hahitaji jiwe la bibi. Anayelihitaji ni bibi, na mimi, na mtoto wa mdogo wangu ambaye bado hajazaliwa.

Someni sura ya 4 ya kitabu cha Yoshua. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini baada ya simulizi la bibi niliisoma nikiwa na aibu. Waisraeli wanavuka Yordani, na Mungu anaagiza watu kumi na wawili wachukue kila mmoja jiwe kutoka mtoni, begani, wakayasimamishe Gilgali. Kwa nini? Ili siku moja watoto waulize mawe haya maana yake nini, na wazazi wawajibu. Angalia mpangilio: mtoto ndiye anayeanza. Maandiko hayategemei kwamba mzazi atakumbuka kusimulia. Wazazi husahau, huchoka, huona aibu, hudhani mtoto hatajali. Bibi alikaa na hadithi yake zaidi ya miaka sitini. Jiwe kazi yake ni kumchokoza mtoto aulize.

Mt. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anaifananisha kumbukumbu na kumbi pana ambamo vitu vimewekwa. Vingine hujitokeza mara vinapoitwa, vingine hutafutwa kwa muda mrefu. Mwalimu wetu alipoifundisha sehemu hiyo aliiongelea kama sitiari, na bila shaka ni sitiari. Lakini watu wa kawaida wanazo kumbi kweli, zenye kuta na bati. Bibi alihitaji dirisha la pili ili amkumbuke katekista aliyemrudisha mtoni. Lilipoondoka dirisha, anasema, hata jina la katekista lilianza kumpotea, naye alikuwa halijasahau tangu utotoni.

Mwanasosholojia Maurice Halbwachs, Mfaransa aliyekufa katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945, alilipeleka jambo hili mbele zaidi: kumbukumbu ya kundi zima, si ya mtu mmoja tu, hushikiliwa na mahali. Alionyesha pia upande wa hatari, jinsi mahujaji katika Nchi Takatifu walivyopanga upya mahali patakatifu kulingana na imani ya zama zao. Kwa hiyo mahali panaweza kudanganya pia. Nakubali, nimeshasema habari za mnyororo wa punda. Lakini mahali panapodanganya panaweza kukamatwa, kwa sababu pako pale pale.

Pingamizi la tatu ni la fedha, na hapa mafrateri hatuna haki ya kuongea sana maana hatulipi. Watoto wanakaa chini darasani, zahanati ya kigango haina maji, na wewe unazungumzia kuta za zamani? Ni kweli. Nisingependa parokia iuze shamba ili kutengeneza makumbusho. Lakini tusidanganyane kwamba kinachoua majengo ni ukosefu wa mamilioni. Niliongea na fundi mzee huko Bagamoyo ambaye ametumia maisha yake kwenye majengo ya mawe na chokaa. Alisema adui ni maji: bati moja lililong'oka ambalo hakuna aliyelirudisha, gata lililoziba majani, mti uliochipua ukutani na watu wakauona mzuri. Na adui wa pili ni saruji. Kuta za zamani za mawe zilijengwa kwa chokaa, zinapumua. Unyevu ukiingia unatoka. Sisi kwa upendo tunazipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, plasta inabanduka na ukuta unaoza taratibu, kisha tunasema jengo limechoka. Kumbe tumelichosha sisi, na kwa gharama kubwa kuliko ya chokaa.

Tukichelewa, gharama inakuwa nyingine kabisa. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 pale Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa likijulikana kwa miaka mingi kuwa limedhoofika. Na hilo lilikuwa jengo maarufu kuliko yote pwani, ndani ya mji ulio katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kanisa la kigango huko milimani lina nani?

Tusitarajie serikali ifike huko. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, inayalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye mpaka yatangazwe rasmi. Misheni ya Bagamoyo yenyewe ni ya 1868. Hesabu basi makanisa ya bara yote, ya Karema, ya Peramiho, ya Kibosho, na yale madogo yasiyo na jina nje ya jimbo: karibu yote yako upande ule wa mstari ambao hauna mlinzi. Mlinzi ni aliye na ufunguo. Na mwenye ufunguo, miaka michache ijayo, Mungu akipenda, ni sisi tunaosoma hapa.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba hatufundishwi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia, namba 129, unaagiza kwamba waseminari, wakiwa katika masomo ya falsafa na teolojia, wafundishwe historia ya sanaa takatifu ili waweze kuthamini na kuhifadhi majengo na kumbukumbu za Kanisa. Ni mwaka 1963 huo. Haikuachwa kwa wenye kupenda mambo ya kale. Inatajwa pamoja na malezi yetu. Katika ratiba yangu ya miaka hii miwili sijaona kipindi hicho, na nawaomba walezi wetu, kwa unyenyekevu wote, walitazame. Haihitaji profesa kutoka Ulaya. Mtunza nyaraka wa jimbo aje siku mbili atufundishe namna ya kutunza kitabu cha ubatizo kisiliwe na mchwa. Fundi wa chokaa aje siku moja. Siku ya nne twende kigango chochote cha zamani, tukae na wazee, tuwaulize nani alibeba nini.

Kwa waamini walei nina ombi dogo zaidi. Halmashauri yenu ikileta hoja ya kubomoa, msiikatae kwa sababu tu mimi nimeandika makala. Huenda ni haki libomolewe. Kuta zenye nyufa za kweli zinaua. Ila ulizeni swali moja kwenye kikao, kabla ya kufika kwenye rangi ya bati: nani kati yetu ana kitu chake ndani ya jengo hili? Kisha nyamazeni, wazee wapate muda wa kusema. Nadhani kwetu ingetosha kubakiza ukuta mmoja, wenye dirisha la pili. Ungekaa vizuri tu uwanjani, watoto wangecheza juu yake baada ya misa, na mmoja angemwuliza bibi kwa nini analigusa jiwe lile.

Nimekubaliana na bibi kwamba likizo ijayo nitakwenda naye uwanjani na kamba na vigingi. Anasema akisimama penye mwembe anaweza kuonyesha mlango ulipokuwa, kisima cha ubatizo, na upande wa wanawake, na mzee mmoja wa kwaya ya zamani atakuja kumsahihisha, maana hawajawahi kukubaliana jambo. Nitachora ramani kwenye daftari. Paroko mpya ameruhusu, na ameomba nakala ikae ofisini. Bibi ametoa sharti moja tu, twende kabla ya masika, kwa sababu njia ya pale huteleza na fimbo yake imekwisha ncha.